Boliti za Sampu Gadi

Huko Umoja mtu hununua kitu mara moja na kukichomelea mara mbili. Mita ya maji hukaa ndani ya kizimba cha vyuma kama simba wa maonyesho. Mtungi wa gesi una mnyororo. Kifuniko cha shimo la maji taka kilipoibwa kwa mara nyingine, wapangaji wa ploti anayoishi Nthenya walichomelea kipya kwa nguvu, hata siku shimo lilipoziba hakuna aliyeweza kulifungua. Watu wakaruka maji machafu wiki nzima huku wakipongezana kwamba kifuniko, angalau, kipo.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo akipata gari jipya, unatarajia nini?

Nthenya alikuwa dereva wa lori la mkate huko Industrial Area. Malori yalizeekea mikononi mwake, yeye akabaki na miaka yake na kicheko chake. Hatimaye akapata gari lake mwenyewe, refu, pana, la kupanda milima, bado viti vimevaa nailoni. Hakulinunua la kwendea kanisani. Alikuwa akiitaka kazi ya mzee Roble, anayepeleka watafiti jangwani Chalbi kuchokora mifupa ya zamani. Roble alikuwa na nafasi ya gari moja tu, na dereva mwingine, Mahad, alikuwa ameshaikodolea macho. Nthenya akiikosa, alikuwa na mahali pa kurudi: bosi wake wa mkate alimwambia nafasi yake ipo tu, na akamwambia kwa sauti ya kumpa pole mfiwa. Sauti hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko yote.

"Mimi sichukui gari kama lilivyotoka dukani, dada," Roble alimwambia kwenye simu. "Chini nataka bamba la chuma, mawe ya kule hayana adabu. Ndani nataka kitu kinachofutika vumbi. Na gari lisiongee. Paneli ikilia nge-nge-nge siku nzima, abiria wangu wanaanza kuandika wosia. Lete Jumamosi nilione."

Mambo ya ndani Nthenya aliyapeleka Pumwani, kwa mjomba wake Munyao. Huyu alichonga vinyago tangu ujana, mpaka wageni wakajaza nyumba zao twiga na hawakutaka tena, naye akahamia kwenye magari. Alibandua mikanda ya plastiki ya rangi ya fedha iliyozunguka dashibodi na milango, akachonga mingine ya mti wa muhugu. Viti akavivika turubai nene la kahawia. Zulia akaling'oa, akaweka mpira unaooshwa kwa ndoo.

Nthenya alisimama mlangoni akimlinda kama askari wa benki.

"Mjomba, hapana twiga."

"Nani ametaja twiga?"

"Nauona huo mkono wako."

"Mkono unajikuna tu, mama. Nao umezeeka."

"Na hiyo vanishi inayong'aa, iparuze. Jua la asubuhi likipiga juu ya dashibodi nitaendesha nikiwa kipofu. Nimekimbizana na jua hilo nikiwa na lori la mkate, nalijua."

"Ndiwe mteja wa kwanza kuniambia kazi yangu inapendeza kupita kiasi," Munyao alisema, lakini aliparuza. Kisha akabandika vipande vya kitambaa kizito nyuma ya kila ubao, ili mti usisuguane na plastiki ukaanza umbea.

Mambo ya chini yalikwenda Kariobangi, kwa Oketch. Oketch ni fundi wa mageti, na mageti yake yana maua, mikuki, na mara nyingine tausi. Alikata bamba zuri la chuma, akalikunja mbele kama kidevu cha mtu mkaidi, akatoboa tundu la kumwagia oili na mianya ya kupitisha hewa. Wenyewe huliita sampu gadi: kazi yake ni kukaa chini ya injini na kupigwa mawe kwa niaba yake.

"Hata ua moja hutaki?" Oketch aliuliza.

"Ataliona nani huko chini?"

"Mawe."

Akalifunga kwa boliti. Nthenya akainama, akaziona. Boliti sita, vichwa wazi kabisa, zikimkonyeza kila mwenye spana kuanzia hapo mpaka Umoja.

"Oketch, hizi zitalala na mimi usiku mmoja tu. Chomelea."

"Nichomelee boliti? Na siku ya kulifungua?"

"Oili ina tundu lake. Nifungue nikitafuta nini?"

"Mimi nasema tu, gari si geti, Nthenya."

"Kufungua kuko mbali, ndugu yangu. Wezi wako hapo kona."

Oketch alikuwa amesema lake. Tena ukweli ni kwamba hakuna ombi linalomfurahisha fundi wa mageti kama hilo. Alivaa miwani yake myeusi, akachomelea kichwa kimoja kimoja mpaka vikawa kitu kimoja na bamba, kisha akapaka rangi nyeusi. "Hii," alisema akijifuta jasho, "haitoki kabisa."

Jumamosi wakaenda wote wawili kwenye yadi ya Roble, nyuma ya maghala ya Industrial Area. Oketch alikuja kwa sababu alitaka kusifiwa. Roble alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, na alivua viatu kabla ya kuingia garini, jambo ambalo Nthenya alilichukua kama dalili njema. Akakaa, akafumba macho, akapiga mlango kwa ngumi. Kimya. Akapiga dashibodi. Kimya. Akapitisha kiganja juu ya muhugu polepole kama anayempapasa mbuzi mnadani, mpaka kikakwama kando ya breki ya mkono.

"Na huyu?"

Nthenya akachungulia. Kobe, mdogo kama kidole gumba, ametulia gizani.

"Huyo ni mjomba."

"Mjomba wako ni kobe?"

"Mjomba ndiye amemchonga. Nilimkataza twiga, sikukumbuka kumkataza kobe."

Roble akatabasamu upande mmoja. Oketch akamkanyaga Nthenya mguu kwa furaha: mambo fiti. Kisha mzee akaagiza katoni, akaitandika chini, akajitelezesha uvunguni mpaka ikabaki miguu tu. Miguu hiyo ilitulia muda mrefu kupita kiasi.

"Nani amefanya huu upuuzi?" sauti ikauliza kutoka chini.

Roble akatoka, rangi nyeusi imemshika kidole.

"Kule Chalbi changarawe huingia hapa katikati ikajaa. Jiwe hubana. Paipu huvuja. Kila jioni tunashusha bamba, tunasafisha, tunarudisha. Hili nitalishusha na nini, meno? Fundi ni nani?"

Macho yake yalikuwa tayari yamefika kwenye mikono ya Oketch, mikono ambayo haiwezi kukana lolote. Oketch akatazama chini. Alikuwa ameanza hata kukohoa, kile kikohozi cha mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Na Nthenya, kwa nukta moja ambayo hakuipenda baadaye, aliona jinsi ingekuwa rahisi. Fundi wa mageti hakuelewa. Mwisho wa habari. Oketch mwenyewe asingebisha, na Mahad asingepata kitu.

"Fundi ni yeye," akasema, "lakini upuuzi ni wangu. Alinikataza. Niliogopa wezi wa mtaani nikasahau ninakokwenda."

Oketch akaacha kukohoa.

Roble akajifuta kidole kwenye katoni. "Mahad analeta gari lake baada ya adhuhuri," alisema. "Mimi naenda msikitini. Nikirudi nilikute limefunguka na linafungika. Kama sivyo, tusalimiane tu, dada."

Grainda ya Oketch ya kukatia chuma ilikuwa Kariobangi, na kati ya hapo na Kariobangi kulikuwa na foleni ya Jumamosi. "Ng'ambo ya reli kuna Awiti," akasema Oketch kwa shingo upande. "Wa vyuma chakavu."

Yadi ya Awiti ilikuwa ukingoni mwa Mukuru kwa Njenga, na kila mtu wa Eastlands aliyewahi kupoteza kitu cha chuma alifika pale kwanza kuangalia. Awiti aliapa kwamba hanunui mali ya wizi, na pengine ni kweli, lakini geti la shangazi ya Oketch lilionekana likipita njia hiyo.

"Nyar Ugenya, habari ya asubuhi," Oketch alimwamkia kwa jina la kwao Ugenya.

"Oketch. Umeniletea geti?" Awiti alikuwa amefunga leso juu ya ovaroli, miwani ya kazi kichwani.

"Nimeleta gari. Kuna kitu cha kufungua."

Awiti akalala chini, akaangalia, akacheka mpaka gari likaonekana kutikisika. "Omera, ndugu yangu, nani alikuudhi siku hiyo?"

"Hiyo ilitengenezwa isitoke kabisa," Oketch alisema, akijitahidi kusimama wima. Alikuwa amenunua hindi la kuchoma langoni ili mikono yake iwe na shughuli.

"Kabisa ya wapi?"

Grainda ikalia. Cheche zikamwagika, na kila zilipomwagika Nthenya alifumba macho, maana lile lilikuwa gari lake jipya na kelele ile aliisikia kwenye meno. Kichwa cha kwanza kikadondoka. Cha pili. Oketch alikuwa hajafika katikati ya hindi wakati bamba lote liliposhuka mikononi mwa Awiti kama sinia la chai. Akaacha kutafuna.

"Usijali," Awiti alimwambia kwa upole uliozidi matusi. "Hii ya kwako imenisumbua kidogo. Zingine hata grainda siwashi."

Akachagua boliti za lori kutoka kwenye mkebe, akazipaka grisi, akampa Nthenya spana. "Funga mwenyewe. Huko jangwani utamwita nani?"

Nthenya akaingia uvunguni na blauzi yake ya Jumamosi.

Roble alirudi. Alichukua spana, akashusha bamba, akalipandisha, akatikisa. Akavua viatu na kuingia. "Pitisha pale nyuma ya maghala. Kwenye reli na vifusi."

Wakaenda, mzee amefumba macho, Oketch nyuma akishikilia kiti kana kwamba kikilia ni yeye atakayesemwa. Mitaro, mataruma ya reli, matofali yaliyovunjika. Milango haikusema neno. Kisha kitu kikagonga chini, ngo, mpaka nyayo zikakihisi.

Roble akafumbua jicho moja. "Hilo?"

"Jiwe, mzee. Limebisha hodi."

"Na limekuta kumefungwa." Akafumba tena. Walipofika yadini akatafuta viatu vyake kwa miguu. "Mahad nitampigia simu asijisumbue. Jumatatu, swala ya alfajiri ikiisha, uwe hapa na tangi limejaa."

Nthenya alisema asante kwa sauti ya kawaida, akageuza gari kwa ustadi, akatoka langoni kwa heshima. Alipokata kona akapiga honi mpaka mbuzi wa watu wakatawanyika.

Furaha hiyo ilidumu hadi walipokaribia barabara kuu. Hapo ndipo Oketch alipouliza, kwa utulivu wa mtu mwenye kisasi kidogo, "Na litalala wapi mpaka Jumatatu, na boliti ziko uchi hivyo?"

Nthenya akafikiria Umoja. Akageuza gari, wakarudi yadini kwa Awiti.

"Kwangu?" Awiti alisema. "Watu watasema nimeliiba."

"Ndiyo maana. Nani atakuja kuiba kwako, akauze wapi?"

Awiti alifikiri, akaona hoja haina pa kushikia. Wakaliegesha katikati ya milima ya mabati na fremu za vitanda, likang'aa pale kama bibi arusi aliyekosea basi. Awiti akatafuta chaki, akaandika kwenye kioo cha mbele, herufi kubwa: HALIUZWI.

Kabla Nthenya hajafika langoni, mtu wa kwanza alikuwa ameshauliza bei ya milango.