Kifaru Aliyekuja Kinoo Siku Isiyo ya Wageni

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba Jumamosi iliyopita Chama cha Wanyamapori cha shule yetu ya bweni, Kinoo, kilizuru Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Tafadhali umma usisadiki. Aliyezuru ni Bwana Kuria, naibu wa mwalimu mkuu, na mkewe, na mashemeji wa Hurlingham, na watoto waliovaa darubini za chama kama mikufu. Wanachama waliambiwa basi limejaa, wakapewa mafyekeo wafyeke uwanja.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Muema, wa kidato cha pili. Ndiye aliyeomba ziara hiyo, na jina lake ndilo lililopelekwa mbugani. Alikuwa amechora vifaru hadi kwenye kifuniko cha sanduku lake, lakini hakuwahi kumwona hata mmoja. Siku za wageni hakuna aliyekuja kumwona. Alikula chapati walizoletewa wenzake na mama zao.

Mbugani wanyama walichungulia ndani ya basi. Walimwona Bwana Kuria akigawa kuku. Hawakumwona Muema. Basi wakaondoka kumtafuta, wakafuata barabara ya Southern Bypass kwa upande wa kushoto, kama sheria inavyotaka. Madereva waliwapigia honi kwa kuwa walikwenda polepole.

Adhuhuri walikuwa Kinoo. Pundamilia walipenya kwenye ua, wakaanza kula nyasi za uwanja. Twiga aliingiza kichwa bwenini, akakutana na soksi zetu, akakitoa. Kifaru, ambaye hangepenya popote, alisimama langoni.

"Leo si siku ya wageni," alisema Mzee Jackton, mlinzi. "Huyu amekuja kuona nani?"

Kijana mmoja alimjibu kwamba huyo ni mjomba wake Muema, ametoka Mwingi.

Mzee Jackton alimkagua mgeni kutoka pembe hadi mkia. "Na hajabeba kitu?"

"Wajomba wako hivyo, mzee."

Mzee Jackton, ambaye ana wajomba, alifungua lango.

Muema aliweka fyekeo chini. Alasiri nzima alikaa na kifaru kando ya mlingoti wa mpira wa kikapu, mkono wake ubavuni mwa mnyama, kwenye ngozi yenye joto kama ukuta wa jikoni. Kifaru alimtazama vile akina mama hutazama watoto wao kama wamekonda. Kisha kengele ya chai ikalia, kifaru akaondoka na wanyama wenzake.

Kule mbugani Bwana Kuria hakuona hata kanga. Jumatatu gwarideni alisimulia simba aliowaona, akajipongeza kwa uwanja uliofyekwa vizuri, kisha akainua bonge la kinyesi lililookotwa uwanjani. Mtu fulani, alisema, alipokea mgeni siku isiyo ya wageni, na kitabu cha langoni kilitaja mjomba wa Muema. Muema aende nyumbani, asirudi bila huyo mjomba wake.

Muema alianza kutembea kuelekea bwenini kuchukua sanduku.

Hapo Mzee Jackton akanyoosha kidole. Alininyooshea mimi.

Basi nikaungama mbele ya shule nzima: yule kijana wa langoni ni mimi, na Muema hana mjomba.

Muema akaitwa arudi mstarini. Bwana Kuria alinitazama kwa huzuni kubwa. Alisema shule haiwezi kuvumilia mtu anayetumia undugu kuingiza wasiohusika. Kisha akatangaza kwamba muhula ujao chama kitazuru Naivasha, na kwamba basi limeshajaa.

Nikapewa fyekeo. Nyasi zilimalizwa na pundamilia, kwa hiyo nafyeka hewa.