Akina Mama Waliouawa Baruani

Kwa jina la Mola ajuaye yaliyomo vifuani kabla hayajafika kalamuni.

Wa kwanza katika kisa hiki ni karani wa ajira wa hospitali, waliyemwita Mzee Muhuri. Wa pili ni mtani wake, Bibi Kompyuta, aliyekaa naye ofisi moja. Wengine watajitaja wenyewe.

Nafasi ya uuguzi ilikuwa moja, barua mia mbili. Arobaini zilisimulia msiba mmoja: mama amemfia mwanawe mikononi, mwana akaapa kuuguza wagonjwa. Mzee Muhuri hakuwa mtu wa kuruka msiba. Kila barua aliitua, akainua viganja, akamwombea marehemu.

Siku ya tatu akaingia mama mwenye siha yake, akiulizia barua ya mwanawe. Mzee akaitafuta, akaisoma, akamkodolea macho.

"Mama yake ni wewe?"

"Nimemzaa kwa uchungu!"

"Humu umekufa. Nami nimekwisha kukuombea rehema."

"Astaghfiru! Nimekufa lini, na asubuhi nimempigia pasi shati?"

Bibi Kompyuta alicheka hata akashika meza. "Mtani, barua hizo zinatungwa na mashine! Kijana anaiambia, 'nitungie ya kuliza watu,' nayo inamuua mama."

Mzee hakucheka. Damu ilimchemka. "Maiti wa kubuni! Dua zangu wamezifanya mchezo!" Akazikusanya zote arobaini, akazigonga muhuri mwekundu: IMEKATALIWA. Akazirudisha kwa wenyewe.

Baada ya siku mbili, binti mmoja akaitua barua yake mezani.

"Shikamoo, mzee. Mama yangu alifia humu humu, wodi ya tano. Daftari lenu lipo."

"Wote wamesema hivyo, mwanangu."

"Wenzangu wamewaua mama walio hai. Wewe umenikania wangu aliyekufa. Mwenye dhambi kubwa nani?"

Mzee akaenda mwenyewe wodini, akafunua daftari. Jina lilikuwapo, na saa, na mwisho wa mstari: *binti yake alikuwa naye.*

Akarudi kichwa chini. "Nimekudhulumu. Nisamehe."

"Msamaha baadaye, mzee. Kwanza niite nihojiwe kama wengine."

Akamwandikia wito pale pale, kwa mkono wake. Kisha akaanza kuwaita wale thelathini na tisa, mmoja mmoja, awasikie kwa vinywa vyao.

Ewe Mola, warehemu mama waliotangulia kweli. Na waliobaki wape umri, na wana wasio na haraka ya kuwazika.