Miguu Yenye Gia

Dorothea wa ghorofa ya juu anaapa kuwa aliyaona kwa macho yake mawili. Anasema Mwadini, dereva wa teksi ambaye hajawahi kugusa bampa ya mtu, alitoka mlangoni asubuhi ile ya barafu amebeba chupa ya uji, akakanyaga ngazi ya mwisho, akaondoka. Hakuanguka, anasema Dorothea, aliondoka. Alipita gari la jirani mmoja Mkongo, akapita pipa la taka, na alipofika usawa wa teksi yake mwenyewe akainua mkono kama mkubwa aliye kwenye msafara, ndipo akaingia uvunguni mwake.

Mwadini anasema huo ni uongo mtupu. Aliteleza kidogo, akaamua kukaa.

Tasnim, mkewe, alikuwa dirishani. Yeye anajua kuwa ukweli uko kati ya hao wawili, ila umekaa karibu zaidi na Dorothea.

Mvua ilikuwa imeganda juu ya mtaa mzima wa Vickery Meadow. Paking iling'aa kama sinia lililopakwa mafuta. Ng'ambo yake alikaa Afnan, dada yake Mwadini, aliyejifungua juzi tu, na mzazi hakosi uji wa pilipili manga asubuhi hata dunia ikigeuka jokofu. Tasnim aliupika, na alitaka kuupeleka mwenyewe.

"We kaa," mumewe alimwambia. "Barafu hii inataka mtu aliyezoea barabara."

Neno hilo alilijua. Tangu afike Dallas alikuwa akimwomba amfundishe kuendesha gari, kwa sababu kuishi mji ule bila gari ni kukaa eda na mume yu hai. Kila akiomba, Mwadini hakatai. Hukumbuka jambo. Mara hajasali, mara kuna abiria anamngoja uwanja wa ndege. Kufumba na kufumbua, hayupo. Tasnim hakugombana naye. Alikaa kiti cha mbele, akatazama, akasikiliza. Maana Mwadini akishika usukani huwafundisha madereva wote wa Texas kupitia kioo, isipokuwa mkewe.

Basi mumewe alipoteleza, Tasnim alivaa soksi nene juu ya viatu, kama alivyomwona jirani Mbosnia akifanya, akatoka. Alimkuta mumewe chini, viatu vya ngozi vimeelekea mbinguni, chupa ameikumbatia kama mtoto.

"Umeumia?"

"Uji haujamwagika."

"Sikuuliza uji. Haya, inuka, nishike bega. Tia gia ya kwanza."

"Nitie nini?"

"Gia. Si ndivyo usemavyo? Njia mbaya, gia ndogo."

"Gari za huku hazina habari ya gia, bibi. Zinajibadilisha zenyewe."

"Miguu yako haikutengenezwa huku. Imetengenezwa Makunduchi. Tia gia."

Wakaanza, mke mbele, mume nyuma, hatua fupi fupi, kama bata. Haukupita muda Mwadini akasahau, akajivuta hatua ya kiume, na kisigino kikamtoroka.

"Usikanyage breki!" Tasnim alisema. "Unakokwenda mguu, nenda nao. Taratibu. Usishindane nao. Ehee, sasa rudi njiani."

Juu, dirisha likafunguka. "Shemeji! Umewasha indiketa?"

"Dorothea, funga dirisha, unaingiza baridi!"

"Heri baridi kuliko kuikosa hii! Tasnim, mwendeshe vizuri huyo, hana bima!"

Mwadini mwenyewe akacheka, na kucheka kukamsukuma mbele.

"Na usinisogelee," mkewe akamwambia. "Acha nafasi. Ukinigonga, wa nyuma ndiye mwenye makosa."

Mwadini akapunguza mwendo. "Maneno haya umeyatoa wapi?"

"Kiti cha mbele."

Afnan aliupokea uji ungali moto. Alimtazama kaka yake suruali ilivyolowa nyuma, akaficha uso kwenye mtandio, mabega yakimtikisika.

Wakati wa kurudi, walipofika kando ya teksi, pale barafu ilipokuwa nene zaidi, Tasnim alisimama. Mwadini naye akasimama nyuma yake, mkono begani, umbali mzuri. Milango ya teksi ilikuwa imeganda. Uwanja wa ndege haukuwa ukirusha hata kunguru. Sala ya adhuhuri ilikuwa bado mbali. Tasnim alihisi vidole vya mumewe vimeung'ang'ania mtandio wake. Siku zote alidhani kwamba akimwona mtu huyu akiogopa atafurahi. Hakufurahi. Aliona tu kuwa mtu anaweza kuogopa na bado akafika.

"Barafu ikiyeyuka," alisema bila kugeuka, "utanipa ufunguo?"

Dirishani, Dorothea alikuwa ameegemea viwiko, anangoja jibu. Mwadini aliutazama mlango wao kule mbele, akaitazama barafu iliyobaki katikati. Mkono wake ulikuwa bado begani mwa mkewe, na safari hii hapakuwa na jambo la kukumbuka.