Posa Iliyochelewa Siku Moja

Wivu ulimkaba Salum mpaka haya ikamtoka. Abdulrahman akipiga pasi kanzu, Salum aliona anaringiwa. Akicheka na simu, aliona anachekwa yeye. Na chumba walilala kimoja, wote wafanyakazi wa hoteli moja ya West Bay, Doha, Salum dereva, mwenzake mlinzi.

Kisa kilikuwa Arafa wa chumba cha kufulia, ambaye wote wawili walimtaka. Baba yake, huko Wete, Pemba, akasema washenga waje Idi mosi. Salum akamsihi kaka yake aliyeko Chake Chake asikose. Idi ilipofika Doha alikula biriani kwa raha zote, akijua posa imeshafika. Jioni akapiga simu, akamkuta kaka anasubiri kufuturu! Msikiti wake haufuati mwezi wa nchi nyingine, na Tanzania mwezi ulikuwa haujaandama. Baba wa Arafa yeye anaufuata popote unapoonekana. Kaka alipofika kesho yake na Idi yake, posa ya Abdulrahman ilishapokelewa. Tangu hapo Salum akawa anasema ameibiwa mchumba, na mwizi analala kitanda cha juu yake.

Wiki hiyo akampakia mgeni wa Kijerumani, mwalimu, aliyekuja kutoa mhadhara juu ya mtaalamu wa nyota wa kwao wa zamani, Simon Marius. Njiani kwenda Lusail mwalimu akamsimulia. Miaka mia nne na kitu iliyopita, Marius aliielekezea darubini sayari ya Mshtarii, akaona miezi inayoizunguka. Siku aliyoanza kuandika, kwa kalenda ya Waprotestanti wa kwao, ilikuwa bado Desemba. Kule Italia ilikuwa Januari, na Galileo alishaandika jana yake. Galileo akatangaza upesi. Marius akakaa miaka ndipo akatoa kitabu, akaitwa mwizi. Wataalamu wa baadaye ndio waliomsafisha, na majina aliyoipa miezi ile ndiyo yanayotumika leo.

Salum nusura apite taa nyekundu.

"Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuiba. Aliona kwa macho yake mwenyewe."

Basi jioni, roho imemtulia, akamngoja Arafa kwenye mlango wa wafanyakazi, akamwaga yote: Mjerumani, kalenda, Idi mbili, na kwamba naye, kama Marius, alicheleweshwa na kalenda tu. Akamwomba azungumze na baba yake, haki itendeke. Arafa alimsikiliza mpaka mwisho, na huruma yake ilionekana.

"Kaka Salum," akasema, "baba aliniuliza Ramadhani haijaisha. Nikamtajia Abdulrahman. Idi aliwaita nyote kwa heshima tu. Kaka yako hata angetangulia, angepewa chai akarudi."

Salum akamshukuru, akaenda zake. Alipoingia chumbani, Abdulrahman alikuwa amelala kitanda cha juu, anakoroma. Salum akajaribu kumchukia kama jana, akakosa pa kushikia. Wivu ulikuwa palepale, unamuuma vilevile, ila mwizi hakuwepo tena.