Mama Humoud

Mlango ulifunguliwa, mume wangu akachomoza kichwa, akaniita. Chumba cha kungojea kilijaa wanaume wa kila taifa, nami nilikuwa pembeni na buibui langu, Marhun nimempakata, Aliya kaniegemea. Akaniita kama alivyoniita tangu nilipojifungua mara ya kwanza: "Mama Humoud, njoo." Neno lilipomtoka tu, uso ukamsawijika. Tulikuwa tumeshinda wiki nyingi tukifundishana kulisahau jina hilo, na mwalimu alikuwa yeye.

Hayo yalikuwa Maskati, mwaka sabini na tisa, katika ofisi ya nchi moja ya baridi tuliyoomba kuhamia. Sitaitaja, maana watu wetu wamejaa huko na wanakula kwa raha. Sisi makazi yetu yalikuwa Ibra, bara, mwendo wa saa kadhaa kutoka Maskati. Tulitoka Unguja na Humoud mapajani, kifungua mimba wangu, shingo haijamkaza. Sasa alikuwa ametimia miaka kumi na miguu haikuwahi kumchukua hata siku moja. Kusema hasemi, kazi yake kucheka. Ukimkalisha ukingoni mwa falaji, ule mfereji unaonywesha mitende, miguu yake ikaingia majini, atacheka mpaka wapita njia nao wacheke. Ila chakula hali mpaka kwanza umgongee kijiko kwenye bakuli. Usipogonga atafumba mdomo, na hapana wa kumfumbua.

Aliyetutia tamaa ni shemeji yangu Abdullatif, aliyetutangulia huko. Alitueleza kuwa kuna skuli za watoto kama Humoud, na viti vya magurudumu, na walimu ambao kazi yao ni kuwafundisha kushika kijiko. Nililia kwa furaha. Ibra ya wakati ule skuli za watoto wazima ndiyo kwanza zinajengwa. Nani angemkumbuka mwanangu? Kisha ikaja habari ya pili. Sheria za huko haziwapokei watoto wa namna hiyo, eti gharama yao kubwa, na mmoja akikataliwa na daktari basi jamaa yote imekataliwa. Mwenye dawa hamtaki mgonjwa. Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya.

Ushauri wa Abdullatif ulikuwa tumwache Humoud kwa bibi yake, tusimtaje kabisa, na tukishatulia tumwite. Nikamuuliza baba yake, tutamwitaje mtoto tuliyekwisha kusema hayupo? Akasema Mungu atafungua njia. Sikuweza kumlaumu, maana Aliya na Marhun nao walikuwa watoto wake. Humoud alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, hana karatasi wala cheti. Tukinyamaza, hapana wa kuuliza.

Tatizo likawa ndimi zetu. Sisi tulilelewa kwamba mume hamtaji mkewe jina mbele ya wanaume, na mke hamtaji mumewe popote. Jina lake silisemi hata leo nilipo na wajukuu, na hapa pia hamtalipata. Tunaitana kwa kifungua mimba, basi. Ikabidi niwe Mama Aliya na yeye awe Baba Aliya. Akiita Mama Aliya mimi namtazama jirani. Nikiita Baba Aliya yeye anaendelea kunywa kahawa. Tulicheka sana siku zile za kwanza. Baadaye hatukucheka tena, kwa sababu Humoud alikuwa palepale mkekani anatusikia, na sikujua anaelewa kiasi gani.

Asubuhi ya safari ya Maskati nilimwacha Humoud kwa mama mkwe, Bi Turkiya. Sikuwahi kumwacha mchana kutwa. Nikamweleza habari ya kijiko, nikarudia, mpaka akakasirika: baba yake Humoud kamlea yeye, leo mimi nimfundishe kulisha? Tulipopita Samail watoto walikuwa wakishangilia mitende dirishani, nami nawaza bakuli.

Basi nikaingia mle ofisini na watoto wangu wawili. Afisa alikuwa mtu mpole, amekaa sana nchi za Waarabu na anajua mama huitwa kwa kifungua mimba wake. Mkalimani alikuwa kijana wa Kipemba, jina lake Mahrous, akaniamkia shikamoo kwanza. Afisa akasema maneno machache, na Mahrous akayageuza huku hanitazami.

"Anauliza, Humoud ni nani? Katika watoto mliowataja hayumo."

Mume wangu akatazama sakafu. Mahrous akashusha sauti, akasema yake mwenyewe sasa, si ya afisa.

"Mama, labda ni mtoto aliyefariki? Wengi wetu tumezika vifungua mimba, na jina likabaki."

Alinifungulia mlango, Mungu amlipe. Nilitakiwa kusema ndiyo, na Aliya angesoma huko, na Marhun angesoma, na mume wangu angeinua uso. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikamwona moyoni Humoud amefumba mdomo. Nikaona nikiitikia tu, nimemzika kwa ulimi wangu, na maiti hapelekewi tikiti.

"Humoud yu hai," nikasema. "Yuko Ibra kwa bibi yake. Na mpaka saa hizi sijui kama amekula."

Mahrous akafasiri. Afisa akaweka kalamu chini. Akauliza mtoto ana nini, nikaeleza yote. Akasema anasikitika, sheria si yake. Naamini alisikitika kweli, lakini masikitiko yake hayakutusaidia kitu.

Hatukwenda. Aliya leo ni mwalimu Nizwa na Marhun ana duka Sur, riziki haikukosekana. Lakini jioni ile sikuyajua hayo. Njia nzima ya kurudi mume wangu alitazama dirishani, na nilimwogopa kuliko yule afisa.

Tulipoingia kichochoroni kwetu nikasikia kijiko kinagongwa. Bi Turkiya alikuwa mkekani na bakuli la wali na samaki. Akasema, bila kunitazama, kuwa mchana Humoud alimgomea kabisa, ndipo alipoyakumbuka maneno yangu. Mume wangu akavua viatu, akampokea mama yake bakuli, akakaa chini na dishdasha, ile kanzu yake ya safari.

Nikakusanya moyo. "Ulimi uliteleza," nikamuuliza, "au ulikusudia?"

Alimfuta Humoud kidevu kwa ncha ya kilemba chake.

"Ningekuitaje?" akasema.

Akagonga kijiko, na Humoud akafungua mdomo.