Mwanga Uliokata Kona

Saa moja na nusu kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, Mzee Mwinshehe alitoka kwenye kibanda cha mlinzi na daftari kubwa na kalamu ya bluu, akawaita majina wafanyakazi wa kiwanda cha nguo ambacho hakikuwa kikifanya kazi. Kiwanda kilifungwa mwaka uliotangulia, kikauzwa kwa mwekezaji, naye akatangaza kwamba mashine zinafanyiwa matengenezo na kila mtu atarudi mahali pake. Sharti lilikuwa moja tu. Kila anayesubiri afike getini aitike. Asiyeitika siku tatu mfululizo amehesabika ameacha kazi kwa hiari yake.

Hawakuitwa kwa majina ya nyumbani. Waliitwa kwa namba za mashine, kama walivyozoea tangu zamani.

"Arobaini na sita!"

"Nipo!" aliitika Josephina.

Alikuwa amefuma kwenye mashine hiyo miaka kumi na saba, na hata sokoni wapo waliomwita Arobaini na Sita bila kumtania. Wiki hiyo alikuwa na jambo moyoni. Dada yake Rahel, aliyekuwa Turiani kwenye mashamba ya miwa, alimletea barua kwa mkono wa kondakta wa basi. Kambi ya wakata miwa inataka mpishi. Nafasi inamsubiri mpaka Jumamosi, baada ya hapo anapewa mwingine. Sasa, akienda, jina lake getini linakatwa. Akibaki na mashine isirudi, amekosa huku na kule.

"Wewe nenda," Asia, wa mashine arobaini na saba, alimwambia. "Mashine si mume."

"Hata mume unamsubiri kidogo."

"Wako ulimsubiri wiki mbili, shoga. Nakumbuka."

Jumanne mwanga ulibadilika. Josephina aliuona kwanza nyumbani kwake Mafiga. Mlango wake wa mbao ulikuwa na nyufa mbili, na siku zote jua la asubuhi lilipita humo likachora mistari miwili ukutani. Siku hiyo mistari ilikuwa kumi na mmoja, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, kama kikoi kilichotandazwa. Josephina akaikagua kwa mazoea ya kazi. Haikuwa na kosa hata moja. Akamwita jirani yake, Mwalimu Alois, aliyefundisha fizikia na kufuga kuku wa mayai. Mwalimu alikuja na mswaki mdomoni.

"Ni kawaida," alisema. "Mwanga ni wimbi, kama maji. Ukipita penye matundu mawili, mawimbi yanakutana upande wa pili. Wimbi likipanda juu ya wimbi, panang'aa. Moja likipanda na jingine likishuka, yanamalizana, panakuwa giza. Zamani lilikuwa dogo mno, jicho halikulipata. Sasa limekua."

"Kwa nini sasa?"

Mwalimu alifikiri, akatema povu. "Siku hizi kila kitu ruksa, mama. Sukari ruksa, mitumba ruksa. Labda nao umeona uachiwe. Mimi nafundisha hivi mwaka wa kumi na mbili. Wanafunzi hawakuniamini, na mimi nilikuwa nakariri tu."

Kufika saa nne mji ulikuwa umekwisha zoea. Mwanga uligonga milima ya Uluguru ukarudi mjini kama maji yanavyorudi kutoka ukingoni, ukaingia mitaani, ukakata kona bila shida. Mtu alionekana kabla hajatokeza. Watu walimpa mzee shikamoo akiwa bado nyuma ya nyumba, naye akaitikia alipofika. Wanaume waliojificha vilabuni walionekana kwenye kuta za majumbani kwao, kikombe mkononi, kwa hiyo walinywa haraka. Kituoni Msamvu abiria waliliona basi la Dodoma likiwa bado nyuma ya majengo, wakapata muda wa kupanga foleni, na wakapanga.

Jumatano, wakati Mzee Mwinshehe yuko kwenye thelathini na kitu, mwanga uliokuwa ndani ya kiwanda ulipanda ukuta, ukainama upande wa pili, ukatua barabarani. Ulikuwa umebeba ulichokiona huko ndani. Watu wote waliokuwa getini walitazama chini kwenye vumbi. Wakaona ukumbi wa kufumia, sakafu tupu, na matundu manne manne palipokuwa na nati za kila mashine. Safu moja tu ilikuwa imebaki, arobaini na moja hadi hamsini. Wanaume wawili wenye spana walikuwa wamechuchumaa kwenye arobaini na tatu.

"Hayo ndiyo matengenezo," alisema Asia.

"Arobaini na sita," aliita Mzee Mwinshehe.

"Nipo. Mzee, huoni?"

"Naona, mwanangu. Lakini mimi nimeajiriwa kuita."

Josephina na Asia walikwenda ofisi moja ya mjini inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Karani aitwaye Rehani aliwasikiliza kwa adabu. Hakubishana nao, maana picha ya ukumbi ule ilikuwa imeshapinda mitaa miwili ikamfikia ukutani, juu kidogo ya kalenda. Ilionyesha mashine arobaini na nne ikilazwa ubavu.

"Nimeiona tangu asubuhi," alisema. "Inasikitisha. Lakini mwanga unaotambuliwa ni ule unaokwenda moja kwa moja. Huu unakata kona. Nikiupokea huu, kesho nitapokea nini?"

"Si unauona mwenyewe?"

"Kuona ninaona, dada. Ninachotaka ni karatasi yenye muhuri."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alimwandikia mwekezaji kwamba wananchi wana malalamiko kuhusu mwanga.

Mwekezaji alijibu siku ileile. Alikuwa mtu mpole, hakupenda malalamiko. Akafunga taa mbili kubwa juu ya ukuta, moja kila upande wa geti, akaziwasha mchana kutwa kwa usalama wa wakazi. Ile ya kwanza ilipowaka, barabara iling'aa hata jua likaonekana limechoka. Ilipowaka ya pili, barabara ikaingia giza. Si yote, ni mapande mapande, na pande lililo pana kuliko yote lilianzia katikati ya geti likaenda sawia mpaka barabara kuu. Ukiingiza mkono humo huuoni. Picha ya ukumbi nayo ilimezwa humo humo.

"Kapiga hesabu vizuri," alisema Mwalimu Alois. "Huyu alisoma."

Uongozi wa mtaa ulimpa mwekezaji barua ya shukrani kwa kuwaletea mwanga. Akina mama wauza mchicha walihamishia meza zao kwenye mapande ya giza, mchicha ukakaa mbichi mpaka jioni, na wateja waliuchagua kwa kupapasa.

Ijumaa Josephina aliitika namba yake, kisha badala ya kwenda nyumbani akaingia kwenye lile pande pana, akasimama kando ya barabara. Alikaa hapo mpaka saa nne, jua linawaka pande zote mbili. Lori lilitoka getini taratibu, dereva akiendesha kwa kukisia. Josephina akanyoosha mkono. Akagusa chuma, chuma, tena chuma, halafu mpini wa kusimamishia mashine, umelika shimo upande wa kushoto, kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto. Dole gumba lake liliingia kwenye lile shimo bila kutafuta.

Akatembea sambamba na lori.

"Nani huyo?" iliuliza sauti kutoka juu ya mzigo.

"Mwenye mashine."

"Ah. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnaipeleka wapi?"

"Dar. Chuma chakavu."

"Haya. Mguu wake wa nyuma mbovu, msiuegemee."

"Ahsante, mama. Tulikuwa hatujui."

Alitembea nalo hatua kama mia mbili. Giza lilipoishia, lori likaongeza mwendo, naye akabaki barabarani na mkono umejaa grisi. Alirudi Mafiga akafunga nguo zake. Jumamosi alfajiri alikuwa Msamvu, na kabla ya saa sita alikuwa Turiani, amevaa aproni ya mtu mwingine.

Jumamosi hiyo hakuitika. Jumatatu hakuitika. Jumanne Mzee Mwinshehe aliita arobaini na sita mara mbili, akanyanyua macho. Mwanga ulikuwa umetoka Turiani, umezunguka milima, ukaja kutua pembeni ya geti, mahali ambapo zile taa mbili hazikufika. Josephina alionekana wazi kabisa, kanga kiunoni, anasonga ugali kwenye sufuria kubwa kama beseni, jasho linamtoka, anamcheka mtu ambaye picha haikumchukua. Wenzake wakafurahi kumwona.

"Kanenepa," alisema Asia.

"Amepata," alisema Mzee Mwinshehe. Alimtazama kidogo, akampungia mkono. Kisha akaliegemeza daftari kwenye goti, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Hakufika. Ameacha kazi kwa hiari yake.*

"Arobaini na saba!"

"Nipo," Asia akaitika.