Ufa Usio na Kitovu

Kazi ya fundi huyu, kwa miaka sita mfululizo, ilikuwa kusema kosa ni la nani. Kutengeneza kulifuata baadaye, na mara nyingine hakukufuata kabisa. Alikaa meza ya tatu kutoka dirishani, kwenye kituo cha huduma cha kampuni inayouza laptopu, na kila mashine iliyoletwa ilitangulizwa na fomu. Chini ya fomu kulikuwa na visanduku viwili: kasoro ya kiwandani, au matumizi mabaya ya mteja. Ukitia tiki kwenye cha kwanza, waranti inabeba gharama. Ukitia kwenye cha pili, mteja anaonyeshwa bei ya kioo kipya, na wengi wakishaiona hawasemi neno. Wanairudisha mashine mkobani na kuondoka taratibu, kama watu waliotoka kumwona mgonjwa.

Wenzake walimwita Lenzi, kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia alichokibana jichoni kutwa nzima mpaka kikamwachia alama ya duara shavuni. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyependa makelele. Zamani alikuwa na duka lake mwenyewe la kutengeneza redio na runinga. Biashara ilipokufa, shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyemshika mkono na kumwingiza kwenye kampuni. Shemeji huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo.

Mwaka huo kampuni ilileta laptopu mpya, nyembamba, nyepesi, inayoingia kwenye bahasha. Watu waliigombania. Haikumaliza miezi minne, zikaanza kurudi zikiwa na vioo vilivyopasuka.

Fundi aliziangalia moja baada ya nyingine, na kila alipoangalia moyo ulimsinyaa. Kioo kilichogongwa kina kitovu. Huwezi kukikosa: ni ile nukta ndogo pale pigo lilipotua, na nyufa zote hutawanyika kutoka hapo kama miguu ya buibui. Hizi hazikuwa na kitovu. Ufa ulianzia chini upande wa kulia, kando ya bawaba, ukapanda juu kwa mstari mmoja mrefu. Alifungua mashine moja mpaka ndani akaelewa. Bawaba ilikazwa kupita kiasi, kifuniko ni laini, kioo ni chembamba kama ganda la yai. Kila ukifungua kifuniko, kinajipinda kidogo. Siku moja kinachoka.

Akaenda kwa shemeji yake.

"Shemeji, hizi hazijakandamizwa na mtu. Bawaba ndiyo inayozipasua."

Shemeji akainuka kufunga mlango. "Makao makuu wameshasema. Kioo kikipasuka, ni mteja. Sasa mimi na wewe tujifanye tunajua kuliko waliozitengeneza?"

"Njoo uangalie tu kwa lenzi. Dakika moja."

"Nikiangalia nitaona. Nikiona nitatakiwa kusema. Afadhali nisiangalie." Akacheka, akamgonga begani. "Tia tiki, shemeji. Nisije nikaulizwa na dada yangu kwa nini nilikuacha ujiharibie."

Akatia tiki. Ya kwanza ilimtoa jasho. Ya pili aliiandika huku akijiambia kwamba ndiyo ya mwisho. Kufika ya tano, alikuwa akiandika "kioo kimekandamizwa kwa nguvu kutoka nje" bila hata kuinua kichwa, kama mtu anayeandika tarehe. Zilishafika kumi na moja siku aliyoingia Mama Nukta.

Mama Nukta alikuwa mpiga chapa. Kibanda chake kilitazamana na mahakama, na kwa miaka thelathini, tangu enzi za taipureta, aliwaandikia watu barua zao: maombi ya kazi, madai ya viwanja, rufaa, barua za talaka. Jina lilimpata kwa sababu alikuwa radhi kuchana ukurasa mzima kwa ajili ya nukta moja iliyokaa vibaya. Alifika kaunta miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, laptopu yake imefungwa kwa kitenge kama mtoto.

Mashine ilipokwisha kukaguliwa, binti wa kaunta alimsomea majibu. "Mama, ripoti inasema kioo kimekandamizwa."

"Na nani?"

"Haisemi na nani, mama."

"Kimekandamizwa, halafu hakuna aliyekandamiza." Akavaa miwani. "Mwanangu, kuandika malalamiko ndiyo kazi yangu. Sentensi ya namna hiyo ina mtu amejificha ndani. Nani kaiandika?"

Binti alielekeza kidole meza ya tatu. Fundi aliinamia mashine ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mama Nukta akamsogelea mpaka kivuli chake kikaangukia bisibisi. "Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uliniona nikiikandamiza?"

"Hapana, mama."

"Basi kuna kitu kwenye hiki kioo kilichokuonyesha. Nionyeshe na mimi."

Lenzi ilikuwa mkononi mwa fundi, angeweza kumpa. Aliigeuza mara mbili tatu, akaiweka mezani.

"Haya," alisema mama. "Naomba nakala ya ripoti. Na muhuri usisahau."

Barua yake aliiandika kwa mkono, kwa kuwa mashine ilikuwa mbovu. Ilikuwa ya kurasa tisa, haina kufutwa hata mahali pamoja, na hakuileta kampuni. Aliipeleka kwenye baraza linalosikiliza malalamiko ya wateja. Baada ya miezi miwili kituo kikapokea wito: aje mwakilishi wa kampuni, na aje fundi aliyesaini.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja nyumbani mchana, na haikuwa kawaida yake kuja bila watoto. Mke wa fundi akaweka chai. Shemeji alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya mafuta, halafu akaweka kikombe chini.

"Kesho kutwa ni jambo dogo tu. Utasema ulichoandika, basi. Usiongeze chumvi."

"Na wakiniuliza kitovu kiko wapi?"

"Hao hawajui kitovu. Wale ni watu wa makaratasi."

Mke alikuwa amesimama na birika mkononi. "Kitovu cha nani tena?"

Fundi akamweleza mkewe kila kitu, bawaba, ufa, visanduku viwili. Mke alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja. "Ulichoandika ni kweli?"

"Si kweli."

Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe ulijua?"

"Dada, kazi ni kazi. Mimi na yeye tunakula hapo hapo. Nilimtoa wapi huyu? Si alikuwa anashinda ndani, anatazama ukuta?"

Hilo lilikuwa kweli, na wote watatu walijua ni kweli. Mke alianza kukusanya vikombe, ingawa chai ilikuwa haijaisha. Alipofika mlangoni mwa jikoni, alisema bila kugeuka, "Mimi hamtanipata kwenye ugomvi wenu. Lakini asije mtu kuniambia alisema uongo kwa ajili yangu."

Chumba cha baraza kilikuwa kidogo, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kukwaruza. Wasikilizaji walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti ya chini. Laptopu ya Mama Nukta ilikuwa mezani, wazi. Wakili wa kampuni alieleza kwamba kioo cha namna hiyo hakiwezi kupasuka chenyewe, na kwamba wateja, kwa bahati mbaya, huwa hawakubali uzembe wao. Mama Nukta alikuwa akiandika kila neno.

Fundi alipoitwa, alitoa lenzi mfukoni. "Mheshimiwa, naomba uangalie hapa chini, kulia. Kisha ufuate ufa, unitafutie mahali palipogongwa."

Mwenyekiti aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu, feni ikikwaruza.

"Sipaoni."

"Hapapo, mheshimiwa. Ulianzia kwenye bawaba. Kumi na moja kabla ya hii zilikuwa vivyo hivyo."

"Na bado uliandika ulichoandika."

"Niliandika."

Wakili akasimama. "Kwa hiyo unaliambia baraza kwamba wewe ni mwongo?"

"Kwenye karatasi ile, ndiyo," fundi alisema. "Na kwenye zile kumi na moja."

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Kampuni itengeneze kioo cha mlalamikaji bila kumtoza chochote, na iwatafute wateja wote waliokataliwa kwa ufa kama ule. Fundi alitegemea kufukuzwa. Hawakumfukuza, maana ni yeye tu aliyekumbuka mashine ipi ilikuwa na ufa gani. Shemeji ndiye aliyehamishiwa ghala la mbali, cheo kikabaki kule nyuma. Hakuaga. Mke wa fundi alikuwa akimpigia simu kila Jumamosi, na alipokuwa akizungumza naye alitoka nje, akasimama kwenye kamba ya nguo. Fundi hakuuliza walichosema. Yeye na mkewe waliendelea kuishi vizuri, ila kulikuwa na maneno ambayo sasa hayakusemwa mezani.

Alianza kuwapigia wateja. Mmoja alishangilia. Mmoja alimtukana, akakata, akapiga tena kumtukana zaidi. Wa saba alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka, na mtoto alilia nyuma yake.

"Laptopu? Tulishaitupa ile."

"Tutakupa nyingine, mama. Nilitaka pia kukuambia kwamba haikukandamizwa na mtu yeyote pale nyumbani. Ilikuwa kasoro yake yenyewe."

Mtoto alinyamaza, au alipelekwa chumba kingine.

"Mbona karatasi yenu ilisema imekandamizwa?"

"Karatasi ilisema uongo. Mimi ndiye niliyeiandika."

"Kaka, unajua tulifanya nini na ile karatasi?" Sauti yake ilishuka. "Tulikuwa na dada anatusaidia kazi. Miaka minne. Alikana kabisa, akasema hata vumbi lake huwa anafuta kwa kuogopa. Mume wangu akamwekea karatasi mbele, akamwambia fundi hana sababu ya kukusingizia. Akafungasha vitu vyake siku hiyo hiyo."

Fundi alikaa na simu sikioni hata baada ya laini kukatika. Binti wa kaunta alimletea maji bila kuombwa.

Kesho yake, saa ya mapumziko, alivuka barabara hadi kibanda kinachotazamana na mahakama. Mama Nukta alikuwa kazini, mbele ya kioo chake kipya. Hakuonyesha kushangaa.

"Nataka barua, mama."

"Inakwenda kwa nani?"

"Kwa yeyote atakayeonyeshwa." Akamsimulia yaliyompata yule dada wa kazi.

Mama Nukta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sema, naandika." Fundi akasema, naye akapiga. Mahali fundi aliposema "ripoti ilikosewa," mikono ya mama ilisimama juu ya vitufe. "Ilikosewa na nani?" Fundi akasema, "Andika nilidanganya." Ikaandikwa. Alimtoza kama anavyotoza watu wote, akampa nakala mbili.

Ilimchukua siku tisa kumpata yule dada. Mwajiri wa zamani alikuwa na namba ya binamu yake, binamu alikuwa na namba ya jirani, na jirani ndiye aliyemwelekeza kwenye nyumba ya wageni yenye chumba cha kufulia upande wa nyuma. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono imekunjamana kwa maji. Wenzake wawili walikuwa wakikunja mashuka. Alimsikiliza fundi akiwa amesimama, kisha akaifuta mikono kwenye aproni na kuipokea barua. Aliisoma taratibu, midomo ikicheza. Akarudia tangu juu.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile ile unaandika?"

"Siku ile ile. Nisamehe, dada."

Dada akainua barua. "Na hii nimpe nani? Pale sirudi, hata wakinibembeleza."

Safari nzima fundi alifikiria kufika tu.

Dada akatazama barua tena. "Mama yangu anaamini niliivunja. Aliniambia bora ningekiri nikaomba radhi, wangeniacha. Mpaka leo nikikosea kitu chochote ananikumbusha." Alitoa simu chini ya aproni, akapiga. "Mama, shikamoo. Kuna mtu hapa anataka kukuambia kitu." Akamkabidhi.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi ni fundi, mama. Ile laptopu ya pale alipokuwa akifanya kazi, binti yako hakuivunja."

Nyuma yake mashine moja ya kufulia ikaanza kuzunguka kwa kasi. "Unasemaje? Sisikii!"

Dada akamwashiria kwa mkono: paza sauti. Fundi akaziba sikio moja na kupaza, mpaka wale waliokuwa wakikunja mashuka wakageuka.

"Hakuivunja yeye, mama! Mimi ndiye niliyeandika uongo! Hakuivunja!"

Yule mama akasema, kwa sauti ya chini, "Mpe mwanangu simu."

Akampa. Dada aliiweka sikioni, akawageuzia wote mgongo, uso umeelekea kwenye mashuka yaliyotundikwa. "Ndiyo, mama," alisema. "Ndiyo. Nasikia." Mabega yake yalianza kutikisika. Mmoja wa wenzake aliacha shuka, akaja kusimama karibu naye.

Fundi alichukua mkoba wake. Alingoja kidogo mlangoni, pengine kungekuwa na jambo jingine anatakiwa kulisema. Hakuna aliyemwita. Akatoka.